Niliiogesha Kompyuta ya Zuhura Hadi Ikawa Bubu

Nimekosa, wenzangu, na naomba asiwepo wa kunipunguzia. Naandika haya nikiwa na akili timamu, na aibu ya kujaza lori la ng'ombe na nyingine ikaning'inia nyuma.

Ili mnielewe, lazima nianze na kupe.

Mimi niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba kompyuta huota kupe. Ndiyo, kupe! Hao hao wanaong'ang'ania sikio la ng'ombe mpaka wavimbe kama maharage yaliyolowekwa. Msinicheke bado, mtachoka mapema.

Aliyenipa habari hiyo ni Lomayani, tuliyesoma naye masomo ya jioni. Mimi mchana nilikuwa nabeba mbao kule Olmotonyi, jioni nashuka mjini kusaka cheti. Kwanza kidato cha nne, halafu cheti cha kompyuta. Nilisoma kwa bidii mpaka mbu wa darasa lile wakafaulu na wao.

Sasa, kompyuta tulizofundishiwa zilikuwa zinatumia Linux, siyo Windows mliyoizoea. Kule programu haiji nzima kama gunia la mahindi. Inakuja vipande vipande, na kila kipande kinaitwa pakeji. Unaomba programu moja tu ya kupiga muziki, mara inaingia hiyo moja na nyuma yake msafara wa pakeji ambazo hujawahi kuzisikia, majina magumu magumu, nyingi zinaanza na herufi l, i, b.

Nikamuuliza Lomayani, "Hawa wengine nani kawaita?"

Akanitazama kwa huruma. "Ero," akasema, maana ndivyo tunavyoitana sisi vijana wa Kiarusha, "hao hukuwaita. Hao ni kupe. Wanaingia wamejishika kwenye programu, wanakaa humo wananyonya. Wewe unadhani kompyuta inazeeka kwa nini?"

"Kweli?"

"Mafundi wakubwa wote wanajua. Ila hawasemi, wanaogopa kukosa kazi."

Nikaamini! Mimi nimezaliwa kwenye boma la ng'ombe. Baba yangu alikuwa hapitishi muda bila kupeleka mifugo kwenye josho kuogeshwa dawa ya kupe, na ng'ombe akitoka pale anang'aa kama bwana harusi. Mtu akiniambia kitu kinazidi kukonda kwa sababu kina wadudu wanaokinyonya, mimi sihitaji ushahidi. Nimekua nao!

Basi, cheti nikapata, na kazi nikapata. Kituo kimoja kidogo cha kompyuta pale Elerai, cha mama mmoja mwalimu mstaafu, Mmeru, nitamwita Mama Eli. Kompyuta zake zilikuwa za msaada, zimetumika huko kwa wenzetu mpaka zikachoka, zote za Linux. Watu walikuja kujifunza kuchapa, kuandika barua za kuomba kazi, kuchapisha picha za pasipoti. Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Nilivaa kamba shingoni yenye kitambulisho nilichojitengenezea mwenyewe. Ukinikuta siku hizo ungedhani satelaiti zote za Afrika Mashariki zinapita mfukoni mwangu.

Na kwenye kona, karibu na dirisha, alikaa Zuhura.

Zuhura alikuwa haoni. Alipofuka utotoni. Ni mtu wa Kondoa kwa asili, ila alilelewa kwa shangazi yake hapa hapa Arusha, mitaa ya zamani kule msikitini. Alisoma shule ya wasioona, akajifunza kuchapa kwa vidole vyote kumi, haraka kiasi kwamba kibodi ilikuwa inatoa mlio wa mvua juu ya bati. Alikuwa anasikiliza sauti zilizorekodiwa na kuzigeuza maandishi. Sikio la kulia aliweka rekoda, sikio la kushoto aliweka kompyuta.

Maana kompyuta yake ilikuwa inaongea. Fundi aliyekuwepo kabla yangu alimwekea programu inayosoma kila kilichoko kwenye kioo, kwa Kiswahili. Ilikuwa na sauti ya mwanamume, kavu, inayokanyaga kila silabi kama sajenti mwenye mafua. Zuhura aliiita Babu.

"Babu leo kaamka vibaya," angesema. "Ananisomea nukta kama vile namdai."

Tulikuwa tunataniana sana. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia siku moja kwamba kwetu Olmotonyi baridi ni kali hadi kuku wanataga mayai yamevaa sweta. Akasema, "Kaka, mimi sioni lakini hilo yai nimeliona." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Lakini niseme ukweli, kwa kuwa ndio nilioujia hapa. Mimi nilikuwa na kijiba cha roho. Wanafunzi walimpenda. Mama Eli alimpenda. Wageni wakija walioneshwa Zuhura kwanza, mimi baadaye, baada ya choo. Nami ndiye fundi!

Halafu ikaja ile nafasi.

Kulikuwa na shirika moja lenye ofisi Themi, linakusanya simulizi za wazee wa mlimani kuhusu msitu na chemchemi za Meru. Walikuwa na rekodi nyingi, wanatafuta mtu wa kuziandika. Kazi ya kudumu, ya mkataba. Mama Eli akampigia debe Zuhura mpaka wakakubali kuja kumwona akifanya kazi, hapo hapo kituoni, kwenye mashine yake aliyoizoea. Jumatatu asubuhi.

Zuhura hakulala akiwaza hiyo Jumatatu. Shangazi yake alikuwa amefariki mwaka ule, na kaka yake kule Kondoa alikuwa anampigia kila wiki arudi. "Rudi nyumbani ukae, utakula tunachokula." Zuhura alikuwa hataki kukaa. Aliniambia mwenyewe, akikunja waya wa hedifoni yake kidoleni, "Kaka, nikipata hii napanga chumba changu. Nikikosa, naenda kuwa mtu wa kuletewa sahani. Kaka yangu ameshasema mwisho wake ni mwezi huu."

Nilijua hayo. Naomba myashike hayo: nilijua.

Jumamosi mchana Mama Eli akaniagiza, "Mwanangu, hakikisha mashine ziko safi. Wageni wasije wakakuta kitu kinakwamakwama."

Kuniambia mimi safi! Nikasema leo ni josho.

Kompyuta zile za wanafunzi nilishaziogesha mara kadhaa, kwa kuchomoa vijipakeji vidogo vidogo, na hazikufa. Au zilikufa kidogo, zikapoteza uwezo wa kufungua picha za aina fulani, nikasema ni uzee. Siku ile nikasema ya Zuhura nayo iogeshwe, tena kwa dawa kali. Yeye hakuwepo. Sikumuuliza.

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikafungua orodha ya pakeji. Wenzangu, msafara! Ukianza kuisoma ukiwa kijana unamaliza ukiwa na wajukuu. Nikaona moja, jina lake limeanza na hizo herufi tatu, sikuijua, sikuiita. Nikaandika amri ya kuitoa.

Mashine haikuitoa. Ilisimama kwanza. Ikaandika kwa Kiingereza kwamba pakeji zifuatazo nazo zitaondoka, ikashusha majina, mstari juu ya mstari. Chini kabisa ikauliza kama niendelee.

Mnajua nilifanya nini? Nilishangilia! Nilipiga meza! Nikasema, tazama, nimemshika kupe mama! Ukimng'oa mama, watoto wote wanaanguka naye. Mle kwenye majina kulikuwa na moja nililowahi kuliona mahali, jina la samaki fulani mkubwa wa baharini kwa Kiingereza. Sikujishughulisha nalo. Samaki wa nini Arusha? Nikabonyeza herufi ya kukubali.

Majina yakapita kwenye kioo, yakaisha.

Nikaizima mashine, nikaiwasha. Ikawaka kwa kasi ya swala! Kioo kinang'aa, picha ya mlima imekaa vizuri, mshale unatembea. Nikaitazama kushoto, nikaitazama kulia. Safi. Nikafuta vumbi kwa shati langu, nikaenda zangu nikiwa najipongeza.

Niliikagua kwa macho. Mashine ya kipofu, mimi nikaikagua kwa macho! Hata hedifoni sikuvaa.

Jumatatu wageni wakaja mapema, mama mmoja mwenye miwani na kijana wa kiume aliyeshika rekoda. Wanafunzi walikuwa wamejaa, Mama Eli amevaa kitenge cha Pasaka. Zuhura alikuja amejifunga ushungi mpya wa rangi ya maziwa, ananukia udi. Akawaamkia wageni, akagusa meza, akagusa kiti, akakaa. Wageni wakaketi upande wa pili wa meza, wanamtazama yeye uso kwa uso, mgongo wa kioo umewageukia wao. Mimi nikasimama nyuma yake, fundi, kamba shingoni.

Akavaa hedifoni. Akabonyeza. Akasubiri.

Akabonyeza tena.

Akageuza kichwa kidogo, akaninong'oneza, "Kaka. Babu hasemi."

Nikasema kwa sauti, ili wageni wasikie nilivyo mchangamfu, "Labda amechoka! Wazee nao wana siku zao!"

Wanafunzi wakacheka. Zuhura hakucheka. Akachomoa waya wa hedifoni, akaurudisha. Akapandisha sauti. Hakuna.

"Kaka, uliigusa Jumamosi?"

Hapo, wenzangu, ndipo pale. Nilikumbuka lile jina la samaki. Nilikumbuka niliwahi kuliona wapi: yule fundi wa zamani alikuwa ameliandika kwenye karatasi na kuibandika pembeni ya kioo cha Zuhura, kwamba hii ndiyo programu ya kusoma. Karatasi bado ilikuwepo, mbele ya pua yangu.

"Mimi?" nikasema. "Sijaigusa kabisa."

Mama Eli akasogea. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama," nikasema. "Dada ana wasiwasi tu. Halafu hubonyezabonyeza sana, unajua, huenda ameizima mwenyewe."

Yule mama wa miwani akatazama saa, kwa ustaarabu tu, lakini mtu asiyeona anaisikia hata saa inapotazamwa. Zuhura akasema, "Tuendelee. Nitaandika bila hiyo sauti. Mikono inajua."

Wakampa rekoda. Akaweka sikio la kulia. Sikio la kushoto akaliacha wazi.

Akafungua programu ya kuandikia kwa vitufe, bila kusikia chochote, kwa mazoea. Ikafunguka, namshukuru Mungu, ikafunguka sawasawa. Lakini ilipofunguka tu, mbele yake kikatokea kidirisha kidogo. Vile vidirisha vinavyoomba neno la siri la fundi ili mashine ijisasishe. Siku zote kikitokea, Babu alikuwa anamwambia Zuhura, naye anakifunga kwa kitufe kimoja. Siku ile hakuna wa kumwambia.

Akaanza kuchapa.

Mzee ndani ya rekoda alikuwa anasimulia mizinga ya nyuki, na jinsi alivyopanda mti akiwa na kinga cha moshi akasahau kamba chini. Nilikuwa naisikia kwa mbali kutoka kwenye sikio la Zuhura. Zuhura akatabasamu, akachapa. Vidole vilikuwa vinanyesha. Wageni wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Kwa upande wao waliona mikono tu, na mikono ile ilikuwa ya kuonwa.

Mimi niliona kioo.

Kila neno alilochapa lilikuwa linaingia kwenye kile kidirisha cha neno la siri. Na mnajua mle herufi hazionekani. Inaonekana doti. Mzee akasema nyuki, vikaja vidoti. Akasema moshi, vikaja vidoti. Foleni ya vidoti vyeusi kama siafu wanaotoka kwenye jiwe. Nyuma yake ukurasa mweupe, mtupu. Zuhura akimaliza aya, akibonyeza kushuka mstari, kidirisha kinatikisika, kinakataa neno la siri, kinajifuta chote, kinaomba upya. Naye anaendelea.

Kitufe kimoja! Ningenyoosha mkono tu juu ya bega lake, nikakifunga. Lakini nikikifunga wageni watauliza, kulikuwa na nini? Na Mama Eli atauliza, kwa nini hakijasomwa? Na karatasi ya yule fundi iko pale pale inanitazama.

Zuhura hakuwa mjinga. Alihisi. Akasimamisha rekoda, akasema polepole bila kugeuka, "Kaka, inaingia?"

Nikasema, "Inaingia."

Vidole vyake vikabaki juu ya vitufe.

"Inaingia, dada! Inaingia kama mvua ya masika! Twanga tu!"

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza mpaka swali limeota kutu. Woga, ndiyo. Lakini woga ungesema "inaingia" mara moja ukanyamaza. Ile mvua ya masika ilitoka wapi? Niwaambie. Kulikuwa na mwanafunzi pembeni yangu, naye alikuwa ameona vile vidoti, akaziba mdomo asicheke. Nami nikamkonyeza. Nilimkonyeza, wenzangu! Kwa sekunde ile nilifurahi. Yule bingwa wa Mama Eli, yule anayeoneshwa wageni kabla ya choo, anatwanga maji, na mimi ndiye ninayeona.

Akatwanga. Akamaliza simulizi yote, na kile kidirisha, kikiwa kimechoka kukataa, kikajifunga chenyewe. Akaweka mikono mapajani, akapumua, akasema, "Tayari. Mnaweza kusoma."

Wageni wakazunguka meza.

Sijui niwaelezeje ule ukimya. Nimewahi kusema simba alinguruma porini kwetu na mlima ukajibu. Hiyo ilikuwa chumvi. Hii siyo chumvi: nilisikia udi wa ushungi wake, yaani niliusikia kama sauti.

Yule mama wa miwani akasema kwa upole, "Dada Zuhura, ukurasa hauna kitu."

"Hauna kitu?"

"Hakuna hata neno."

Zuhura akageuka. Hakugeukia wageni. Aligeukia mahali niliposimama, sawasawa kabisa, macho yake yale yakatua kwenye kifua changu. Na yule mwanafunzi, kicheko kikamponyoka.

Mama Eli akaaibika mpaka kitenge kikaonekana kikubwa. Akaanza kuomba radhi, mara arudie, mara siku nyingine. Wageni wakasema wana ratiba, watapiga simu. Mnazijua simu hizo. Kijana wa kiume alipokuwa anachukua rekoda yake mezani alimwambia Zuhura, "Pole, dada," naye akamjibu, "Ahsante, mdogo wangu." Hayo tu.

Wakampa kazi mtu mwingine.

Na mimi nikazidi kuchimba. Mama Eli aliponiuliza pembeni, nikamwambia mashine haina tatizo, tatizo ni kumpa mtu kazi kwa kumhurumia. Nilisema hivyo! Mama Eli ni Mlutheri wa kusali alfajiri, hapendi kudhulumu mtu, lakini alikuwa ameaibishwa mbele ya watu aliowabembeleza. Wiki ile ile akamwambia, "Zuhura mwanangu, hii kona nitaiwekea mashine ya kudurufu." Zuhura akasema, "Sawa, Mama." Kaka yake akaja kutoka Kondoa na begi tupu, akaondoka nalo limejaa. Mimi ndiye niliyewashikia mlango. Zuhura alipopita nilisema, "Safari njema, dada." Akapita kama vile mlango umefunguka wenyewe.

Mnadhani niliona haya? Nilikwenda kusimulia!

Kuna banda la nyama choma karibu na mto Themi ambapo sisi wa masomo ya jioni huwa tunakutana. Nikasimama mbele ya meza nikamwigiza Zuhura. Nikafumba macho, nikachapa hewani, nikapaza sauti, "Kaka, inaingia?" na mwenyewe nikajibu, "Kama mvua ya masika!" Watu wakafa kwa kicheko. Nikaongeza chumvi, nikasema alichapa mpaka kibodi ikatoa moshi, wageni wakaita zimamoto. Wakazidi. Aliyecheka kuliko wote ni Lomayani, aliyekuwa amekuja mjini baada ya muda mrefu. Siku hizi ni fundi mkubwa wa mitandao, anavaa viatu vya ngozi.

Akifuta machozi akaniuliza, "Sasa ero, ilikuwaje mashine ikawa bubu?"

"Si niliiogesha! Nilimtoa kupe mama, akaanguka na watoto wake wote."

Lomayani akaacha kutafuna.

"Kupe gani?"

"Wale wako. Wale wanaonyonya."

Akaweka mfupa chini. Meza nzima ilikuwa bado inacheka, yeye peke yake ananitazama kama ng'ombe aliyeona bomba la sindano. Akaniuliza jina la nilichotoa, nikamwambia ninavyokumbuka. Akauliza yule dada yuko wapi. Nikasema Kondoa. Akasema, "Kesho asubuhi nakuja hapo kituoni."

Akaja kweli. Mashine ya Zuhura ilikuwa sakafuni nyuma ya ile ya kudurufu, imefunikwa gunia. Akaiweka mezani, akaunganisha bando la simu yake, akaandika mstari mmoja. Mmoja! Mashine ikavuta pakeji zake zote zilizotoka, yenyewe, bila kutajiwa moja moja. Akawasha upya.

Babu akasema, "Ka-ri-bu."

Mama Eli alikuwa ofisini. Alitoka mbio, ameshika kikombe cha chai, anatazama kile kiti. Akafikiri Zuhura amerudi. Alipokuta ni sisi wawili, akamtazama Lomayani, akanitazama mimi. Uso wangu ulimweleza kabla mdomo haujafunguka.

Nikamwambia yote. Nikamwambia hata kukonyeza.

Hakunipigia kelele. Alisema, "Nimekaa darasani maisha yangu yote na watoto wa watu, sijawahi kukutana na mtoto kama wewe. Vua hicho kitambulisho." Nikavua. Akampigia simu Zuhura, akalia, akamwomba arudi, kona yake ipo. Nilisikia sauti ya Zuhura upande wa pili, ndogo, haikasiriki. Alisema kaka yake ameshatoa neno kwa ndugu, kwamba yeye Zuhura atakaa kulea watoto wa nyumba yao, na hana nauli ya kubishana. Kisha Mama Eli akaniletea simu sikioni, akiishika mwenyewe kama vile mkono wangu una ukoma.

Nikasema, "Dada Zuhura, nisamehe. Mashine niliiharibu mimi."

Akasema, "Hilo nililijua siku ile ile, kaka. Mashine inaharibika, inatengenezwa. Hilo nilishakusamehe kabla sijasimama kwenye kiti."

Nikaanza kushukuru. Nikaanza kulia kwa sauti, mnanijua mimi.

Akanikata. "Mimi nilikuuliza kitu kimoja tu. Nikakuuliza kwa sababu wewe ulikuwa na macho. Usinipigie tena."

Simu ikakatika.

Nimerudi kubeba mbao. Pale kwenye nyama choma siendi, maana nikifungua mdomo tu kuna mtu atasema "Inaingia?" na wengine watajibu, "Kama mvua ya masika!" Limekuwa jina langu. Mwanamke niliyekuwa nataka kumchumbia, binti wa jirani kabisa na kwetu, aliniuliza kama ni kweli. Kwa mara ya kwanza maishani sikutia chumvi. Hajanisalimia tangu hapo.

Vijana wenzangu wenye vyeti vipya shingoni, nawaomba. Usitoe kitu kwenye mashine ya mtu kwa sababu tu wewe hukijui. Usikague mashine kwa mwili wako kama anayeitumia ana mwili mwingine. Na ukishakosea, sema saa ile ile, mbele ya wageni, mbele ya bosi, hata ukikojoa kwenye suruali. Suruali inafuliwa! Na mtu asiyeona akikuuliza swali, kwa hilo swali amekukabidhi shingo yake. Usiitanie.

Siku ile niliyofukuzwa, Lomayani alinisindikiza hadi barabarani. Hakuwa na utani. Mimi bado nilikuwa nabishana, nataka angalau pakeji moja iwe na hatia badala yangu. Nikamwambia, "Lakini ero, wewe si ndiye uliyesema wanaingia bila kuitwa?"

Akasimama. Akasema:

"Nilikutania. Ulikuwa unaamini kila kitu, tukawa tunacheka. Hakuna pakeji inayoingia bila kuitwa. Ile ambayo hukuiita wewe, imeitwa na nyingine inayoihitaji ili ifanye kazi, na mashine inakumbuka nani anamtegemea nani. Ukitaka kujua, unaiuliza, inakujibu. Siku ile hukuhitaji hata kuuliza. Ilikuandikia kwamba ukitoa hiyo, programu ya Zuhura ya kusoma nayo inaondoka. Iliitaja kwa jina. Halafu ikakuuliza kama uendelee, nawe ukasema ndiyo."